Kurusha flai kwa anayeanza kabisa: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Jinja

Mimi naishi Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria, na asubuhi nyingi kabla ya kazi utanikuta kwenye uwanja wa mpira na rodi ya kuvulia samaki kwa flai mkononi, narusha mshipi kwenye nyasi kavu, hakuna maji wala samaki. Watu wanasimama kuuliza. Wa boda anazima pikipiki anauliza, watoto wa shule wanauliza halafu wanataka kujaribu, mama wa chapati anauliza kutoka ng'ambo ya barabara. Maswali ni yale yale kila siku kwa hiyo nimeyaweka hapa yote pamoja na majibu yake, ukikwama rudi usome tena.

Hii kitu ni nini hasa? Si ni ndoano kama zingine?

Ndoano ya kawaida unaijua, unafunga risasi au kajiwe, ule uzito ndo unaruka na kuburuta nailoni nyuma yake. Sasa flai haina uzito. Ni manyoya na uzi vimefungwa kwenye kindoano ili vifanane na mdudu au mukene (dagaa), ukiiweka kiganjani hata huisikii. Jaribu kuirusha kama jiwe uone, itaanguka hapo hapo miguuni. Kwa hiyo uzito umewekwa ndani ya mshipi wenyewe, ni mnene, umevikwa plastiki laini, na mshipi ndo unaruka, flai inafuata tu kama mkia wa tiara.

Na rodi kazi yake ni kupinda. Inabeba uzito wa mshipi, inapinda, ukiisimamisha inajinyoosha na kuusukuma mshipi uende. Lakini haiwezi kupinda kama mshipi umelegea, lazima uwe umenyooka upande wa pili kwanza. Ndo maana unatuona tunarusha nyuma kabla ya mbele, hatupigi hewa bure. Mrusho wa mbele unatengenezwa nyuma ya mgongo wako, na karibu matatizo yote utakayoyasoma huku chini yanaanzia huko nyuma ambako hakuna mtu anaangalia.

Nahitaji kuwa karibu na mto?

Hapana. Na mwanzoni nakushauri mto uuache kabisa, manake ukiwa na maji mbele yako akili yote inaenda kwa samaki na mkono unajifanyia unavyotaka. Tafuta nyasi, uwanja wa shule, wa kanisa, wa msikiti, popote penye meta 15 mbele na 15 nyuma. Usifanyie kwenye lami wala murram, ile changarawe inakwangua ngozi ya mshipi na mshipi wa flai siyo wa bei ya nailoni ya dukani.

Ninunue rodi ya namba ngapi?

Rodi na mshipi vyote vina namba na namba hizo lazima zioane. Namba ni uzito wa mshipi, wanapima meta 9 na sentimita 14 za mwanzo. Wa namba 5 kipande hicho kina kama gramu 9, wa namba 8 kina gramu 13 na nusu hivi. Rodi ya kujifunzia ni ya futi 9, na kwa maji yetu haya ya Nile na ziwa mimi ningekwambia namba 8, manake tuna upepo na flai zetu ni kubwakubwa. Kama hamu yako ni mito midogo ya baridi kule Kenya yenye traut, chukua namba 5. Ila kujifunza unaweza kujifunza kwa zote mbili.

Hii ya namba naisisitiza kwa sababu iliniumiza. Mshipi wangu wa kwanza niliuziwa na mtu mtandaoni, boksi limeandikwa 8, na mimi nikaufunga kwenye rodi ya 8 nikarusha karibu miezi mitatu, haupandi, haunyooki, nikawa nalaumu mkono wangu. Siku moja nikapima zile meta 9 kwenye mizani ndogo ya sonara, zikaja gramu 9. Ulikuwa wa namba 5. Rodi ilikuwa haipindi kwa sababu haikuwa na kitu cha kuipindisha. Kwa hiyo kama umefuata kila kitu na bado rodi iko kama mti wa ufagio, pima mshipi kwanza kabla hujakata tamaa.

Rili je? Kwa kurusha rili haina kazi yoyote, ni ghala tu la kuweka mshipi. Usimalizie pesa hapo. Pesa nyingi weka kwenye mshipi, na uulize ule ambao uzito wake umejazwa mbele na unaoelea, ndo rahisi kwa anayeanza.

Na kama sina pesa ya rodi kabisa?

Anza hivyo hivyo, wala sikufariji tu, hii nawafundishia watoto na inafanya kazi. Tafuta ufito wa mwanzi wa meta moja au moja na kidogo, mwembamba kwenye ncha, unaopinda. Kwenye ncha funga uzi mnene wa kufumia sweta, meta 5 au 6, kama ni mwembamba usokote nyuzi tatu pamoja. Basi. Uzi una uzito kiasi na unashika hewa kwa hiyo unaenda polepole, unaona kitanzi, ule mkunjo unaojitengeneza hewani, kikifunguka mbele ya macho yako. Ukiufupisha unaweza kufanyia hata sebuleni wakubwa wakitoka. Aliyerusha uzi wiki mbili akishika rodi ya kweli siku ya kwanza tu anarusha meta 8.

Naishikaje?

Kama unavyoshika mkono wa mtu kumsalimia, kidole gumba juu, kimelala kwenye kishikio kikielekea ncha. Usibane. Kaza tu kidogo pale unaposimamisha, halafu legeza tena. Ukiona kucha zimekuwa nyeupe umebana.

Nieleze mrusho wa kwanza hatua kwa hatua, kama vile sijui chochote.

Sawa, hapa twende pole.

Pitisha mshipi kwenye pete zote za rodi, hakikisha hujaruka hata moja. Mwisho wa mshipi kuna lida, ile nailoni inayokwenda ikipungua unene, meta 2.7 hivi, usirushe bila lida manake mshipi mtupu unajipiga na ncha yake inachanika. Mwisho wa lida usifunge ndoano, funga kipande cha uzi wa sweta, mimi napenda mwekundu unaoonekana kwenye nyasi. Hakuna ndoano mpaka nikwambie.

Toa mshipi meta 8 nje ya ncha ya rodi, uutandaze mbele yako umenyooka kabisa. Mshipi unaobaki ubane kwa kidole cha shahada dhidi ya kishikio, mkono wa pili uweke mfukoni kwa leo. Simama, mguu wa upande wa mkono unaorusha uwe nyuma kidogo ili uweze kugeuza kichwa. Sasa inamisha ncha ya rodi mpaka karibu iguse nyasi. Hapa wengi wanakosea, wanaanza rodi ikiwa imeinuka, mshipi umening'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na wakivuta nusu ya nguvu inaishia kuondoa ule ulegevu tu.

Anza kuinua polepole. Mshipi unatambaa kuja kwako, unauona ule uzi mwekundu unaanza kusogea kwenye nyasi. Ukishasogea ndo unaongeza kasi, polepole halafu haraka halafu haraka zaidi, halafu SIMAMA. Simama kabisa, kama umegonga ukuta, kidole gumba kikiwa usawa wa jicho au sikio. Mshipi unapita juu ya bega lako kwenda nyuma.

Sasa usifanye kitu. Geuza kichwa uangalie. Utaona kitanzi kinafunguka nyuma kama herufi J iliyolala ubavu, mguu wa chini unaotoka kwenye rodi unazidi kuwa mrefu na ule mkunjo unazidi kuwa mdogo. J ikikaribia kwisha, imebaki kamkunjo tu, anza kwenda mbele. Ukiwa na mshipi wa meta 8 ni kama muda wa kusema "nangoja kidogo" mara moja. Mshipi ukiwa mrefu zaidi subiri zaidi, kwa sababu una safari ndefu.

Kwenda mbele ni kitu kile kile, pole, haraka, haraka zaidi, simama, rodi ikiwa imeinama mbele kidogo tu, bado inaangalia juu. Subiri kitanzi kifunguke mbele, mshipi unaanza kushuka, nawe ushuke na ncha ya rodi pamoja nao mpaka chini. Tandaza tena, vuta pumzi, rudia. Mrusho mmoja, pumzika, mwingine. Usianze kwenda mbele-nyuma-mbele-nyuma kama unafukuza nyuki, utajifunza makosa yako vizuri sana.

Hiyo ya "polepole halafu haraka halafu simama" siipati kabisa.

Utotoni ulirusha tope? Unachukua kafimbo kanakopinda, unabandika donge la udongo kwenye ncha, unarusha, donge linafika mbali kuliko mkono ungeweza. Kumbuka lilivyokuwa. Ukishtua kafimbo ghafla mwanzoni, donge linachomokea nyuma au linakupiga kisogoni. Ukisukuma tu bila kusimamisha, linaangukia hapo mbele. Linaruka vizuri ukianza taratibu, ukaongeza, ukasimamisha ghafla, linachomoka PALE UNAPOSIMAMA. Mshipi ni hivyo hivyo. Kuna mzee mmoja mvuvi wa nyavu alikuja kuniangalia wiki nzima, hasemi kitu, siku ya mwisho nikampa rodi nikamwambia rusha tope, mrusho wa tatu mshipi ulinyooka wote mbele yake na akacheka kama mtoto.

Video zinasema simamisha saa kumi na saa moja, mbona kwangu inakuwa vituko?

Hii ni shida yetu sisi wa Kiswahili na inapoteza watu wengi. Wazungu wanaongelea namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, jichukulie umesimama katikati ya saa ya ukutani, mtu anakutazama kwa ubavu na wewe umeelekea kushoto kwake. Mbele rodi isimame kwenye namba 10, nyuma isimame kwenye namba 1. Sisi mshale ukiwa kwenye namba 10 tunasema saa nne, na ukisema saa kumi mshale uko kwenye namba 4, yaani rodi imeangukia chini mgongoni kwako! Nilikuwa na kijana mmoja hodari kabisa, nikamwambia "nyuma saa moja", akawa anaipeleka rodi mpaka ncha inagusa nyasi nyuma, kumbe anaitafuta saa moja ya asubuhi, mshale uko kwenye 7, nyasi tu ndo zinamzuia kufika. Tangu siku hiyo nasema NAMBA kumi, NAMBA moja.

Na hizo namba siyo sheria ya kufa. Mshipi mfupi unataka mwendo mfupi wa rodi, mshipi mrefu unataka mwendo mrefu zaidi. Jambo lenyewe ni ncha ya rodi isafiri kwenye mstari ulionyooka, kama inachora kwa rula hewani.

Mshipi wangu unaangukia kwenye rundo mbele yangu kama ugali umemwagika.

Kitanzi chako ni kipana sana. Ncha ya rodi imechora upinde badala ya mstari, mara nyingi kwa sababu kifundo cha mkono kinavunjika nyuma, rodi inalala, na mshipi unatupwa chini kwenye nyasi badala ya nyuma. Dawa: chomeka kitako cha rodi ndani ya mkono wa shati refu lenye kifungo, au kifunge kwenye mkono kwa mpira wa baiskeli usiokaza sana, ukivunja kifundo utausikia ukikuvuta. Rusha hivyo dakika kumi halafu toa, utashangaa. Kifundo kinatakiwa kutumika kidogo, pale mwishoni tu kwenye kusimamisha.

Mshipi unalia PAA! kama mjeledi.

Hujasubiri. Umeanza kwenda mbele J bado ndefu. Ukiwa na flai ya kweli sauti hiyo ndo flai inakatika inaenda zake, utavua saa nzima bila ndoano. Geuza kichwa uangalie nyuma, kila mrusho, hata mimi mpaka leo naangalia.

Napata mafundo kwenye lida na mimi sijafunga fundo lolote.

Watu wanasingizia upepo. Huwa siyo upepo. Kinachotokea ni kwamba sehemu ya juu ya kitanzi inaanguka na kukata ya chini, zinapigana, fundo. Sababu ni ncha ya rodi imezama katikati ya safari, na inazama kwa sababu umetia nguvu zote mwanzoni kwa mshtuko, au wakati unasubiri nyuma mkono wako umejisogeza mbele kidogo kidogo bila wewe kujua, kwa hiyo ukianza kurusha huna tena nafasi ya kutosha. Hiyo ya pili inakamata hata wazoefu. Muombe mtu akupige video kwa ubavu na simu, utajiona.

Na fundo hilo ukiliona lifungue au ukate usilivumilie, nailoni yenye fundo la hivyo imepoteza nguvu nyingi sana na samaki wa maana atakatia hapo hapo.

Mkono na bega vinauma.

Pumzika. Dakika 15 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumapili, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona watu wakiumia kiwiko na kuacha kabisa. Maumivu mara nyingi ni dalili kwamba unatumia nguvu pale rodi ingekufanyia kazi. Mshipi usipofika, jibu la mwili ni kuongeza nguvu, na kuongeza nguvu kunaharibu kitanzi, kitanzi kikiharibika haufiki, unaongeza tena. Kata hiyo: ukiona haufiki, punguza nguvu mpaka mrusho uanguke kabisa, halafu ongeza kidogo kidogo mpaka unyooke tena. Hapo ndo kiasi chako, na utakuta ni kidogo kuliko ulivyofikiri.

Mimi ni mwanamke / mtoto wangu ana miaka tisa / natumia kushoto. Tunaweza?

Wote. Dada zangu msitishwe na kifua cha mtu, mwaka 1951 kule Marekani Joan Wulff alishinda shindano la kurusha mbali akiwa anashindana na wanaume watupu. Wanawake niliowafundisha wengi wanashika haraka kuliko wanaume, kwa sababu hawajaribu kuivunja rodi. Mtoto wa miaka tisa mpe ufito wa uzi wa sweta kwanza, halafu rodi fupi nyepesi. Wa kushoto kila kitu ni kile kile, geuza rili tu.

Upepo wa ziwa nifanyeje?

Asubuhi. Mchana jua likipasha nchi kavu hewa inatoka ziwani kuja bara, ndo ule upepo wa alasiri unaoujua kama umewahi kukaa ufukweni, asubuhi mapema umetulia au unatoka bara kwenda ziwani, uko mgongoni kwako. Ukilazimika kurusha dhidi ya upepo, lenga chini zaidi mbele na kitanzi kiwe chembamba, usiongeze misuli.

Upepo wa hatari ni ule unaotoka upande wa mkono unaorusha, unaileta flai usoni kwako. Hapo inamisha rodi ipite juu ya bega la pili, au geuka uipe maji mgongo na uachie kwa mrusho wa nyuma. Miwani na kofia kila wakati, hata upepo usipokuwepo. Na chukua plaisi ukandamize lile jino la ndoano kabla ya kuitumia. Mdogo wangu alichomwa sikioni akiwa amesimama nyuma yangu, jino lilikuwa limekandamizwa, nikaivuta ikatoka kama sindano, nisingekuwa nimelikandamiza ingekuwa safari ya hospitali.

Nyuma yangu kuna miti na mafunjo mpaka majini, hakuna nafasi.

Basi huu ndo mrusho wa Nile, kwenye kingo zetu nyingi utautumia kuliko ule mwingine, tunauita wa kuviringisha. Mshipi uko juu ya maji mbele yako. Vuta rodi polepole, polepole kabisa, mpaka kidole gumba kifike karibu na sikio na rodi imelala kidogo nyuma, mshipi unaning'inia kutoka kwenye ncha na kutengeneza tumbo kama herufi D nyuma ya rodi, ila mwisho wake bado umeshikwa na maji. Simama, acha utulie. Halafu rusha tope mbele. Mshipi unajiviringisha juu ya maji na kunyooka, hakuna kilichoenda nyuma zaidi ya mgongo wako.

Kwenye nyasi hautoki vizuri kwa sababu nyasi hazishiki mshipi kama maji, usidhani umekosea.

Nitachukua muda gani kujua?

Dakika 15 kila siku, wiki tatu nne, utakuwa unarusha meta 10 zimenyooka. Na meta 10 mpaka 12 zinatosha samaki wengi sana, kwa hiyo acha kushindana na video za mtu anayerusha mshipi wote wa meta 27. Yule anavuta mshipi kwa mkono wa pili wakati rodi inakwenda, ni ufundi mzuri ila ukiuongeza juu ya mrusho mbovu unapata mrusho mbovu wenye kasi.

Kuna samaki gani wa flai Uganda?

Hapa Nile juu kwenye maji ya kasi kuna kisinja, anapenda mapovu na mawe, anakula vidudu vya chini, na ni mshindani haswa. Mputa, sangara kwa wa Tanzania, anakula samaki wadogo, flai nyeupe yenye vinyoya vya kumetameta ya sentimita 5 au 6 ni mukene kabisa machoni kwake. Ngege, yaani tilapia, ni mgumu, chakula chake kikubwa ni mwani, ila anashika kiflai kidogo siku nyingine. Chini ya maporomoko ya Murchison, pale mto unapobanwa kwenye ufa wa meta 7 hivi, kuna mputa anayeweza kupita kilo 100 na kuna ngasa mwenye meno kama msumeno, huyo bila waya mbele ya flai anakata. Huko hapaendwi na rodi ya namba 8, wanatumia 10 na 12.

Ruhusa vipi?

Ndani ya hifadhi za taifa kama Murchison lazima kibali cha kuvua kutoka kwa Uganda Wildlife Authority. Nje ya hifadhi, nenda kwa ofisa wa samaki wa wilaya yako umuulize kabla hujatia ndoano majini. Na samaki mdogo hatoki na wewe, ngege chini ya inchi 11 na mputa chini ya inchi 20 wanarudi majini. Mimi narudisha karibu wote, kwa mikono iliyoloweshwa.

Hatari gani za kuangalia?

Nyaya za umeme kwanza! Rodi nyingi ni kaboni na kaboni inapitisha umeme, usirushe wala usitembee na rodi imesimama chini ya nyaya. Radi ni hivyo hivyo, sisi wa kando ya ziwa tunazijua mvua zetu, ukisikia ngurumo hata ya mbali laza rodi chini, ondoka. Usisubiri mrusho wa mwisho.

Kichocho pia. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na vijidudu vinatoka kwa wingi mchana jua likiwa kali, kwa hiyo vulia nchi kavu au juu ya jiwe, na kama huwa unaingia majini nenda kituo cha afya upate dawa. Mamba na kiboko muulize mwenyeji wa pale kila siku mpya, hata kama jana ulikuwepo.

Nautunzaje mshipi?

Sabuni kidogo ya vyombo kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kitambaa, pitisha wote, suuza, anika kivulini. Usiuache kwenye gari juani, wala usiupake dawa ya mbu, ile inayeyusha plastiki. Nawa mikono ukishajipaka.

Siku ya kwanza majini nifanye nini?

Funga ndoano sasa. Pitisha nailoni kwenye tundu la ndoano, izungushe mara tano juu ya nailoni yenyewe, irudishe kwenye kale kanafasi kalikobaki karibu kabisa na ndoano, ilowanishe kwa mate, vuta polepole. Anza na meta 6 tu, hata kama unaona samaki anaruka kwenye meta 20, muache. Rusha, inamisha ncha ya rodi mpaka karibu iguse maji, weka mshipi chini ya kidole cha shahada, na vuta kwa mkono wa pili vipande vifupi vya kama shubiri moja. Samaki akigonga mwili utataka kuinua rodi juu kwa nguvu. Usiinue. Vuta mshipi kwa mkono wa pili mpaka umsikie amekaza, ndo uinue.